Miwani, Televisheni na Tonge la Pilau

Nianze na wifi yangu, maana bila yeye pengine hadi leo ningekuwa nalishwa chumbani mlango umefungwa.

Alikuja siku ile posa ya binti yangu Jalila ilipokubaliwa. Akaketi ukingoni mwa kitanda changu hapa Mtongwe, akanishika bega lile lililopooza, akaniambia kwa sauti ya kubembelezea watoto, "Dhahabu, usijitie taabuni. Siku ya harusi mimi nitakaa siniani badala yako. Watu wote waijua hali yako."

Badala yangu! Jalila nimemzaa mimi, nimemnyonyesha mimi, surua nimemuuguza mimi, halafu wa kukaa siniani na mama mkwe wake awe yeye. Nilitamani kumrushia kikombe cha chai. Lakini mkono wa kurushia ndio huo uliokuwa umelala mapajani mwangu, haujui hata kama natukanwa.

Nieleze hilo sinia. Katika ukoo wetu, nikaha ikishapita na wanawake wakakaa kula, mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi hula sinia moja, wao wawili tu, katikati ya ukumbi. Hakuna kijiko hapo. Mwala kwa mkono, mwatazamana, na kila shangazi aliyealikwa awatazama nyinyi. Wakishaona matonge yamekwenda vizuri ndipo vigelegele vinapigwa, na watu husema haya, sasa hawa wamekuwa jamaa. Mama asiyekaa siniani ni kama hakuozesha.

Kiharusi kilinikuta nachambua mchele. Mguu ulirudi baada ya muda, ingawa waburura kidogo. Ulimi, alhamdulillahi, ulirudi wa kwanza kabisa, na Luqman mume wangu husema ungengojangoja kidogo. Mkono wa kulia ndio uliobaki nyuma. Vidole vilianza kufunguka na kufumba, lakini kubeba kitu kukifikisha mdomoni, ng'o.

Utaniuliza, si ungekula kwa kushoto? Shehe wa msikiti wetu alimwambia Luqman waziwazi kwamba mgonjwa ana udhuru, Mungu hamuonei mtu. Najua. Udhuru ninao, hamu ndiyo sina. Mimi nimelelewa na nyanya aliyekuwa akiuchapa mkono wa kushoto kila ukisogelea sahani, kazi za mkono ule nazijua, na kula hakumo. Basi Luqman akawa ananilisha. Mtu wa watu yule, mpole, anavifinyanga vitonge vidogo vidogo, anangoja nimeze. Nampenda kwa hilo. Na kila tonge lake nililichukia.

Wifi alipoondoka nikamwita. "Luqman, sinia nitalikalia mwenyewe, na nitakula kwa mkono wangu huu wa kulia. Nikishindwa, ukumbini sitokei."

"Dhahabu, harusi ya mwanao hiyo!"

"Umenisikia."

Harusi ilikuwa imepangwa mwisho wa Shaabani, kabla ya mfungo. Jalila, ambaye masikio yake hayapitwi na kitu, ndiye aliyesikia kwamba Bombolulu kuna kituo cha mazoezi ya viungo ambacho kimepata mashine mpya, watu waliopooza wanacheza gemu na mikono inaamka. Nikamwambia mambo ya kucheza awaachie watoto. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikamwambia Luqman atoe tuktuk yake.

Pale tukapokewa na kijana mrefu wa bara, wa Kitui, jina lake Musyoka, viatu vyeupe pepepe. "Karibu, mum," akaniambia.

"Mum ni mamako aliye Kitui. Mimi ni Bi Dhahabu, na hujaniamkia."

Akacheka. "Shikamoo, Bi Dhahabu."

"Marahaba. Sasa twaweza kusema."

Akanieleza mashine inavyofanya kazi. Kwanza unavishwa glavu yenye vidude nchani mwa vidole. Kisha unatazama picha ya mkono ukifanya kazi, na mkono ule wa picha unafuata wako. Ukigusa kitu kwenye picha, vidude vinabana vidole vyako, nawe unakisikia kama kwamba kipo. Picha yenyewe wana njia mbili za kuitazama: miwani mikubwa ya kufunga kichwani, au televisheni ya ukutani. "Na hicho ndicho tunachotaka kujua hapa," akasema, "nani anafanya vizuri kwa miwani, nani kwa televisheni. Tuanze na miwani, wengi wanaipenda."

Akaja na dude jeusi lenye mikanda, anataka kunifunga usoni.

"Hebu simama hapo hapo! Wewe si maharimu wangu, mtandio wangu utaushikaje?"

Maskini, akarudi nyuma kama aliyekanyaga moto. Mwenzake, msichana aitwaye Maryanne, akalichukua dude lile akanivisha yeye juu ya mtandio taratibu, bila kunifunua hata unywele. Chumba kikapotea. Nikaona meza, nikaona mpira mwekundu. Nikageuza kichwa kumtafuta Luqman, na dunia nzima ikanifuata kwa kuchelewa, inayumba. Tumbo likapanda. Niliposema nivueni, maneno yalitoka pamoja na chai na mahamri, yote juu ya vile viatu vyeupe.

"Televisheni," nikasema nilipopata pumzi. "Na hilo dude nisilione tena."

Basi ikawa televisheni. Humo mlikuwa na mtu wa kijivu, kipara, hana masikio, amekaa nyuma ya meza ananitazama usoni. Nikiinua mkono, naye anainua mkono unaoelekeana na wangu, vile kioo kinavyofanya. Siku ya kwanza aliposhika mpira na vidole vyangu vikabanwa, nilipiga ukelele Luqman akaja mbio kutoka nje. Wallahi nilisikia mpira. Mkono uliokuwa umenyamaza muda wote ule ulisikia mpira usiokuwapo. Nililia, na sioni haya kusema.

Tukashika njia, kila wiki, Mtongwe hadi Bombolulu. Mpira nikauweza. Chupa ya kupandisha rafuni nikaiweza. Kuvuta droo, kupanga vikombe, vyote nikaviweza, na yule mtu kipara nikaanza kumzoea kama jirani. Tulikuwa tukipokezana na Mzee Absalom wa Changamwe, aliyekuwa akiendesha kreni bandarini. Yeye miwani ilimkoroga kichwa, lakini kwa televisheni hakamatiki. Alisema amekula mshahara maisha yake yote mkono uko huku, mzigo uko kule chini. Tukawa tunataniana nani atamshinda nani.

Kisha likaja zoezi la kula.

Pale mezani ikatokea sahani na matonge. Kazi ni kuchukua tonge na kulipeleka mdomoni mwa yule mtu. Nikalichukua vizuri, vidole vikalisikia. Nikalipandisha. Lilipofika kifuani mkono ukasimama. Si kwamba ulichoka, ulisimama tu, kama punda aliyekataa kuvuka. Nikajaribu tena, ukasimama pale pale. Musyoka akasema ni kiwiko, misuli bado haina nguvu. Akanipa mpira wa kuvuta, nikaufunga kwenye nondo za dirisha la jikoni nikawa nauvuta mpaka jasho linanidondoka. Tukarudi. Chupa, kikombe, droo, safi. Tonge, kifuani, kimya.

Wiki zikapita hivyo. Nyumbani sikuthubutu hata kujaribu wali wa kweli, maana nilijiambia mkono ulioshindwa na tonge la uongo utaliweza la kweli? Wifi yangu naye akaja kunionyesha gauni aliloshona. La zambarau, lina shanga kifuani. "La kukalia sinia," akasema, hana hata aibu. Jalila akanifuata jikoni. "Mama, acha tu, shangazi akae. Mimi wajua nitakuwa radhi."

"Mimi sitakuwa radhi! Wewe shughulika na hina yako."

Akaondoka analia. Nami nikauvuta ule mpira wa dirishani mpaka ukakatika.

Safari iliyofuata niliingia kituoni nimefura. Mkono ukasimama kifuani kama kawaida yake. Musyoka akavuta kiti akakaa karibu, akaniuliza kwa upole, "Bi Dhahabu, niambie ukweli. Ukifika pale, unasikia nini? Maumivu?"

"Hakuna maumivu."

"Unachoka?"

"Sichoki. Naona kinyaa."

"Kinyaa cha nini?"

"Cha huyo mtu wako! Hana adabu, anakula kwa kushoto."

Nilisema kwa hasira tu, vile mtu asemavyo. Lakini Musyoka akageuka. Akamtazama yule kipara. Akasimama akamwelekea, akainua mkono wake wa kulia, akaushusha, akainua wa kushoto. Kisha akashika kichwa. "Ai! Maryanne, njoo uone. Amekaa anatuelekea. Mkono wa kulia anaoutumia Bi Dhahabu, kwa yule mtu ni wa kushoto!"

"Sasa si nimekwambia?"

"Hukuniambia! Wiki zote hizi!"

"Nilidhani waona. Tena nilidhani ndivyo kwenu mlivyomfunza."

Maryanne alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa kitu. Kumbe mkono haukushindwa! Ulikuwa ukikataa. Ubongo nusu umekufa, lakini fundisho la nyanya yangu limebaki zima mle ndani, na kila yule mtu alipokaribia kutia tonge mdomoni kwa kushoto, mkono wangu ulikuwa ukichapwa.

Musyoka akabonyeza bonyeza, akamgeuza yule mtu ale kwa upande mwingine. Ikawa balaa jingine: nikipeleka mkono huku, wake unakwenda kule, nikagonga sahani yote chini. Tukajaribu weee, wapi. Akazima televisheni, akaitazama ile miwani. Nikajua anachotaka kusema.

"Ndani ya miwani," nikamuuliza, "yuko mtu?"

"Hakuna mtu. Ni mkono tu, unatoka begani mwako. Wa kulia ni wa kulia."

"Mlete huyo shetani wako. Na ndoo."

Maryanne akanivisha. Dunia ikayumba tena, tumbo likaanza safari, lakini macho niliyakaza kwenye sahani. Mkono ulikuwa wa kijivu bado, ila ulikuwa umekaa mahali pangu, unatoka kwangu, na dole gumba liko upande wake. Nikalishika tonge. Nikalipandisha. Likapita kifuani. Likapita kidevuni. Nikahisi glavu yenyewe inanigusa midomo.

Kisha nikaomba ndoo.

Nilipojifuta, nikasema, "Nivisheni tena."

"Bi Dhahabu," Musyoka akasema, "utaratibu wetu ni mtu akitapika tunasimamisha. Unaweza kuanguka."

"Utaratibu wenu una binti anayeolewa?"

"Hauna."

"Basi nivisheni tena."

Hakukubali siku ile, alikuwa na msimamo wake naye, na nikamheshimu kwa hilo. Lakini tulikubaliana. Nikawa nakuja sijala kitu kizito, nimekunywa tangawizi tu. Maryanne ananivisha miwani kidogo, ananivua, napumzika, ananirudishia. Musyoka ndiye aliyegundua kwamba kinachonikoroga ni kugeuza kichwa, basi Maryanne akawa anasimama nyuma yangu amenishika kichwa kwa mikono miwili, kama anayesuka. Kizunguzungu hakikuisha. Kuna siku nilirudi nyumbani nimelala kwenye kiti cha tuktuk, siwezi hata kumtukana Luqman kwa mashimo anayopita. Aliniuliza, si turudi kwa ile televisheni, hukuwa ukiumwa? Nikamwambia kwa televisheni nilikuwa mzima na njaa.

Nyumbani nikaanza wali wa kweli. Hapa sitasema uongo: ulikuwa msiba. Tonge la mashine halimwagiki, la pilau linamwagika. Nilikaa peke yangu uani nyuma ya jikoni, mkeka chini, na nusu ya kila tonge ilikwenda kifuani, nyingine chini. Kuku wa jirani walinenepa mwezi ule. Siku nyingine mkono ulitetemeka mpaka nikaupiga kofi, nikauomba radhi, nikaanza tena. Luqman alikuwa akija kusimama mlangoni, namfukuza.

Siku ya harusi ikafika na mimi bado nilikuwa nikimwaga. Si kila tonge, lakini namwaga. Wifi yangu alikuja amevaa zambarau yake, amejifukiza udi, ananinong'oneza, "Nipo hapa karibu. Ukiona vipi, niashirie tu."

"Kaa na wenzako, wifi yangu," nikamwambia. "Gauni limekutoa."

Nikaingia ukumbini naburura mguu. Wanawake wakageuka wote kunitazama, kwa macho ya watu wanaojua. Mama wa bwana harusi, Bi Mwanakombo wa Kisauni, alikuwa amekwisha kaa. Mama mnene, mzuri, mwenye uso wa huruma, na ile huruma ndiyo niliyoiogopa. Nikateremka mkekani polepole. Sinia likawekwa kati yetu, pilau inafuka moshi. Tukanawa. Mkono wangu niliuosha kwa ule mwingine, na wote waliona.

"Bismillahi," tukasema.

Nikatia mkono. Nikafinyanga. Nikainua, na mkono ukaanza kutetemeka. Ndani ya miwani nilikuwa siwaoni watu. Hapa niliwaona wote: shangazi zake, dada zangu, Jalila kule jukwaani amesahau kwamba bibi harusi huinamisha macho. Tonge likafika kifuani, mkono ukasimama. Punje zikaanza kudondoka moja moja kwenye leso yangu. Nyuma yangu nikasikia shanga za wifi zinasogea.

Bi Mwanakombo akaona. Mama wa watu, kwa moyo mwema kabisa, akafinyanga tonge lake la haraka, akaliinua, akalileta mdomoni mwangu. "Pokea, ndugu yangu," akaniambia chini kwa chini. "Nikulishe mimi. Ni mapenzi tu."

Nilifunga mdomo.

Ukumbi mzima uliona nimekataa tonge la mkwe wangu. Kuna aliyesema astaghfirullah. Uso wa Bi Mwanakombo ukabadilika, mkono wake uko mbele ya midomo yangu, na midomo yangu imekazwa kama mlango wa duka. Nilijua nimemvunjia heshima. Nilijua pia nikifungua, nitalishwa na watu mpaka siku ya kufa kwangu.

Nikaacha kuwatazama. Nikautazama mkono wangu peke yake, unaotoka begani mwangu, na tonge lililobaki ndani yake. Nikausukuma. Ukapita kifuani. Lakini haukuja kwangu. Niliupeleka mbele, juu ya sinia, polepole, unatetemeka, unamwaga, hadi mdomoni mwake.

"Wewe mgeni wangu," nikamwambia. "Anza wewe."

Alinitazama. Macho yakamjaa maji. Akafungua mdomo, akalipokea lote na vidole vyangu juu yake, akatafuna kwa utaratibu.

"Wallahi," akasema alipomeza, "chumvi haitoshi."

Vigelegele vikapasuka. Nikarudisha mkono siniani, nikafinyanga tena, na hilo la pili nikala mimi.